MTI WA MWEZI HUU: MPERA WA NYUMA YA NYUMBA

Mwezi huu tumechagua mti ambao hauhitaji kutambulishwa. Ukimwuliza mtoto yeyote wa kambi yetu mpera uko wapi, atakuonyesha mitatu, na atakuambia pia mwenye mti gani ni mkali na yupi analala mchana. Warundi wanasema ipera, Wakongo na wenyeji wetu Watanzania wanasema pera, waliosoma kwa Kifaransa wanaandika goyave. Tunda ni lile lile.

Tumeuchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, wahudumu wa afya wa jamii wametuomba tuongee juu ya majani ya mpera na ugonjwa wa kuharisha, maana kuna watoto wanafikishwa dispensari wakiwa wamelegea kabisa, na mama akiulizwa anasema, "Nilikuwa nampa majani ya mpera." Ya pili ni barua zenu. Zimekuja kadhaa, na ukizisoma vizuri zinauliza jambo moja: kuna faida gani kupanda mti wa matunda mahali ambapo hatujui tutalala mpaka lini? Tutafika huko. Tuanze na mti wenyewe kwanza.

Wengi tunadhani mpera ni mti wa kwetu tangu zamani, kwa sababu bibi zetu waliukuta Uvira, Baraka, Rumonge na Makamba. Lakini mpera ni mgeni kama sisi. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, huko Mexico, visiwa vya Karibi na Amerika ya Kusini. Wareno na Waspania ndio waliousambaza kwa meli zao, na hata hili neno "pera" tumelipata kwa Wareno, ambao kwao ni jina la peasi. Wataalamu wa mimea wanauita ukoo wa mpera Psidium, jina ambalo Carl Linnaeus wa Sweden aliliandika mwaka 1753. Ndani ya ukoo huo kuna vichaka na miti ya aina kama 100. Huu wa kwetu, wenye tunda kubwa la njano au kijani na nyama nyeupe au ya pinki, ndio uliotembea dunia nzima.

Vijana wa shule, fanyeni jaribio hili. Chuma jani la mpera, lishike. Ni gumu, linakaza kama ngozi, na upande wa chini mishipa imetokeza kama mishipa ya mkono wa mzee. Jani la namna hiyo halipotezi maji haraka, ndio maana mwezi wa nane, wakati mchicha wa bustani umekauka, mpera bado umesimama kijani. Sasa livunje ulinuse. Ile harufu ni mafuta yaliyo kwenye vitone vidogo ndani ya jani. Nenda kwenye mkaratusi ufanye hivyo hivyo, utapata ndugu wa harufu hiyo. Mpera, mkaratusi, mzambarau na mkarafuu wa Unguja na Pemba ni familia moja. Tofauti ni kwamba mkaratusi unakupa nguzo na kuni, mpera unakupa chakula. (Na mpini wa jembe. Mti wake ni mgumu kweli, waulizeni wenye manati.)

Tuingie kwenye chakula. Mgao wetu tunaujua: unga wa mahindi, maharage au dengu, mafuta, chumvi, na pengine unga wa lishe. Mgao huo unashibisha tumbo, lakini vitu vibichi havimo. Kinachokosekana zaidi ni vitamini C, na hiyo mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza wala kuiweka akiba kwa muda mrefu. Miaka ya 1980, katika kambi za wakimbizi wa Ethiopia zilizokuwa Somalia na Sudan, watu waliugua kiseyeye. Ni ugonjwa ambao vitabu vilikuwa vinausimulia kama wa mabaharia wa zamani. Fizi zinavimba na kutoa damu, miguu inauma hadi mtu anashindwa kutembea, kidonda hakiponi. Walikuwa wanapata chakula. Hawakuwa wanapata matunda wala mboga mbichi.

Basi sikilizeni hesabu hii. Gramu 100 za pera, yaani tunda moja la wastani, lina vitamini C zaidi ya miligramu 200. Chungwa la uzito huo huo lina kama 50. Mtu mzima anatosheka na chini ya 100 kwa siku. Kwa hiyo pera moja linatosha mtu mzima na bado linabaki la mtoto. Na utamu mwingine wa habari ni huu: vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mahindi, ambayo kwa kawaida mengi yake yanapita tu. Mama mjamzito aliyeambiwa kliniki damu yake ni ndogo asiache vidonge alivyopewa, ila akila maharage yake ale na pera hapo hapo, na chai aiweke mbali na chakula, kwa sababu chai inazuia chuma.

Lile pera liliwe bichi, tunamaanisha bila kupikwa, si kabla ya kuiva. Moto unaharibu vitamini C. Jamu ya mapera ni tamu, hatukatai, lakini kwa sukari inavyopatikana kwa taabu hapa, bora ulile tunda. Ganda usilimenye, hapo ndipo vitamini iko nyingi. Lioshe tu kwa maji safi, hasa likiwa limeokotwa chini. Mnajua wenyewe watoto wanacheza wapi na mifereji inapita wapi.

Kuna watu wanawakataza watoto mapera eti mbegu zinaleta ugonjwa wa kidole tumbo. Neno hili tumelisikia tangu utotoni. Madaktari wanasema mara nyingi kidole tumbo huziba kwa sababu ya kinyesi kigumu au kuvimba kwa ndani, na mbegu ya tunda kukutwa ndiyo chanzo ni nadra sana. Mbegu za pera huingia na kutoka kama zilivyo. Kinachosumbua watoto ni kula mapera machanga, yale magumu ya kijani wanayoyaiba kabla mwenyewe hajayaona. Hayo yanakausha choo na kuleta maumivu. Mtoto akilia tumbo baada ya mapera machanga, kwa kawaida ni hilo. Lakini maumivu yanayohamia upande wa kulia chini, pamoja na homa na kutapika, usiyasingizie pera. Mpeleke hospitali usiku huo huo.

Sasa tuseme juu ya majani, na hapa tunaomba kila mama na kila baba asome taratibu.

Majani ya mpera ni dawa ya tumbo ya watu wengi, si sisi tu. Amerika ya Kusini, Asia, Afrika, kote huko wanayachemsha. Na si upuuzi. Majani yana tanini, ile inayokaza mdomo ukitafuna, na vitu vingine vinavyotuliza misuli ya utumbo. Mwaka 2002 watafiti wa Mexico walichapisha majaribio yao kwa watu wazima wenye kuharisha, wakaona dawa iliyotengenezwa kwa majani hayo ilipunguza muda wa maumivu ya tumbo. Kwa hiyo bibi aliyekuchemshia majani hakukudanganya.

Tatizo liko mahali pengine. Mtoto anayeharisha hauawi na maumivu ya tumbo. Anauawa na maji na chumvi vinavyomtoka. Kikombe cha majani ya mpera kinaweza kutuliza msokoto, mtoto akanyamaza, mama akapata moyo, kumbe mwili unaendelea kukauka. Yaani mtoto ametulia kwa sababu amechoka, na sisi tunadhani amepona. Hapo ndipo tunapowapoteza.

Tukumbuke Kagunga. Mei 2015, ndugu zetu waliokimbia Burundi walirundikana pale ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, maji salama hakuna, vyoo hakuna, kipindupindu kikaingia. Kwa wiki chache tu waliugua zaidi ya watu 3,000 na wapatao 30 walifariki. Kipindupindu kinaweza kumkausha mtu mzima kwa saa chache. Waliopona walipona kwa maji yenye chumvi na sukari, ya kunywa au ya kuingizwa kwenye mshipa. Hakuna jani linaloshindana na kasi ile.

Basi utaratibu uwe hivi. Mtoto akianza kuharisha, kitu cha kwanza ni pakiti ya chumvichumvi kutoka dispensari au kwa mhudumu wa afya wa kijiji chako. Changanya na lita 1 ya maji salama, kama pakiti ilivyoandikwa. Huna pakiti na ni usiku? Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, weka vijiko vya chai 6 vya sukari, usawa wa kijiko, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi, ni hatari. Mpe kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko. Akitapika subiri dakika 10 uanze tena polepole. Endelea kumnyonyesha na kumlisha; ile kawaida ya kumfungisha mtoto chakula ili "tumbo lipumzike" tuiache jamani. Ukifika dispensari waulize vidonge vya zinki. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri mtoto anayeharisha apewe zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14, na amalize zote hata kama ameacha kuharisha siku ya tatu.

Usingoje kesho ukiona choo kina damu, macho yamezama, analia bila machozi, ukimbana ngozi ya tumbo inarudi polepole, anatapika kila kitu, au anashindwa kunywa. Hizo ni za kumbeba na kwenda.

Na majani? Mtu mzima mwenye tumbo la kawaida, anakunywa maji yake na chumvichumvi zake, akitaka kikombe cha majani hatumkatazi. Mtoto chini ya miezi 6 asipewe kabisa. Huyo ni maziwa ya mama tu, na pakiti akiandikiwa na mganga. Mtoto mkubwa kidogo, tumbo lake ni dogo. Kila kikombe cha majani unachompa kimechukua nafasi ya kikombe cha maji ya chumvichumvi. Shangazi zetu na bibi zetu mnaosikilizwa sana vijijini, tunaomba mtusaidie kulisema hili. Mama mdogo wa miaka 18 anamwamini bibi kuliko karatasi ya ukutani, na si vibaya, ila bibi amwambie "pakiti kwanza".

Haya, kupanda. Ni kazi rahisi. Chagua tunda lililoiva vizuri kutoka mti unaozaa mapera makubwa na matamu, toa mbegu, zioshe nyama yote iishe, zikaushe kivulini. Panda mbili tatu kwenye mfuko wa plastiki wenye udongo na samadi, funika kidogo tu, weka unyevu. Zitaota baada ya wiki 2 hadi 5. Ng'oa dhaifu, bakiza mche mmoja. Ukifika urefu wa sentimita 30 hivi, na mvua zikiwa zimeanza kushika, chimba shimo la sentimita 50 kwenda chini na upana huo huo, changanya udongo wa juu na samadi, panda. Weka mbali na nyumba, mita 4 au 5. Ukiusogeza karibu, matawi yatachana shitingi siku ya upepo na mapera yatakuamsha usiku. Zungushia miiba, la sivyo mbuzi wa jirani atamaliza kazi asubuhi moja. Kiangazi cha kwanza umwagilie. Maji yaliyooshea mboga au vyombo yanafaa, ya sabuni kali hapana.

Mbegu ina ubaya mmoja, haitoi mtoto aliyefanana na mama. Unaweza kupanda mbegu ya pera tamu ukapata mti wa matunda madogo machachu. Mwenye haraka na mwenye kuchagua afanye hivi: kwenye tawi zima lenye unene wa kidole, ondoa ganda kwa kuzunguka, upana wa sentimita 2 au 3. Funga hapo udongo wenye unyevu uliochanganywa na mbolea iliyooza, uzungushie kipande cha plastiki, kaza kamba juu na chini. Baada ya mwezi mmoja au miwili mizizi inaonekana. Kata chini ya fundo, panda. Mti huo utazaa sawasawa na ule uliokatwa, tena mapema. Wa mbegu huanza kuzaa mwaka wa pili hadi wa nne.

Ukishakua, upunguze matawi usiwe mrefu. Mpera unazaa kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kupogoa hakupunguzi mapera, kunayaongeza, na vijiti ulivyokata vinawasha moto wa asubuhi. Kila kijiti cha nyumbani ni hatua moja ambayo mama au binti hakwenda porini kutafuta kuni, na njia ile wote tunaijua ilivyo.

Adui mkubwa ni funza. Unakata pera zuri la njano, ndani wanacheza. Hao ni watoto wa nzi wa matunda. Mmoja wao, mwenye asili ya Asia, aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na tangu hapo ameenea Afrika, na mapera anayapenda mno. Hapa kambini dawa ya kupulizia hatuishauri, iko karibu mno na watoto na vyakula. Fanyeni usafi tu. Kila siku okota yaliyoanguka, usiyatupe kando ya nyumba. Yafukie chini sana, nusu mita, au yafunge kwenye mfuko wa plastiki mweusi uuache juani siku kadhaa funza wafe. Mapera unayoyataka uyafunge na karatasi yakiwa bado madogo na magumu. Lakini ukisafisha wewe peke yako na jirani hasafishi, ni bure. Nzi hana kadi ya kijiji.

Na msiende kumwaga mbegu msituni. Kwenye visiwa vya Galápagos mpera umekuwa magugu, na ndugu yake mwenye mapera madogo mekundu ameharibu misitu ya Hawaii, Mauritius na Réunion. Ndege na popo wanabeba mbegu, na ukikatwa unachipua tena. Mahali pake ni uani.

Tumefika kwenye ugomvi. Kijiji kimoja hapa familia iliondoka kurudi nyumbani ikaacha mpera katikati ya viwanja viwili. Majirani wakagombana, mmoja anasema kivuli kiko kwake, mwingine anasema mzizi uko kwake, mpaka usiku mmoja mtu akaja na panga. Kwa bahati alikata tawi moja tu. Wazee walipokaa hawakumpa mti yeyote kati yao. Walisema matunda yachumwe siku mbili kwa juma, mbele ya mwenyekiti, na yaanze kwa nyumba zenye wajawazito na watoto wa kliniki ya lishe. Sisi tunaona waliamua vizuri kuliko sheria nyingi tulizosoma, ingawa tunasikia wale majirani bado hawasalimiani.

Ndiyo, na lile swali. Baba mmoja alituandikia hivi: "Nikipanda mti, ni kama nimekubali kwamba hapa ni kwangu." Tunamwelewa. Hakuna hata mmoja wetu katika jarida hili ambaye hajawahi kuhisi hivyo. Lakini tuhesabu pamoja, baba. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule amekwisha kuwa mtu mzima. Mpera uliopandwa mwaka ule ungeanza kumlisha kabla hajajifunza kusoma. Mti hausaini karatasi yoyote kwa niaba yako. Unaweza kuwa na jina lako kwenye orodha ya kurudi na mche wako kwenye mfuko, vyote viwili. Ukiondoka kabla haujazaa, mtoto mwingine atakula, na hatudhani hilo litakukera.

Dada mmoja aliyejiandikisha kurudi anauliza kama anaweza kupanda na mche wake ndani ya basi. Dada, udongo na matunda hubeba nzi na magonjwa ya mimea, na mimea kuvuka mpaka inahitaji kibali. Uliza kwanza ofisi iliyokuandikisha kabla hujafunga mizigo, usije ukanyang'anywa mpakani. Pengine mche utauacha na mbegu pia uziulizie. Zikiruhusiwa, mbegu zilizokaushwa vizuri ndani ya karatasi hazina uzito wowote. Makamba mapera yapo, hutakosa kitu. Ila kabla ya siku ya basi mwambie mwenyekiti wako, mbele ya mashahidi wawili, mpera wako umemwachia nani.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya mlonge. Barua ziendelee kuletwa kwenye sanduku letu pale mlangoni mwa maktaba, na asiyejua kuandika amtume mtoto wa shule amwandikie.